Athanasius na Barua za Pasaka

Sikukuu ya Krismasi huadhimishwa tarehe 25 Desemba, wala haibadiliki. Pasaka haina tarehe moja. Mwaka mmoja huwa katika mwezi wa Machi, na mwaka mwingine katika mwezi wa Aprili. Sababu yake ni kwamba Pasaka hufuata mwezi wa angani. Ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza baada ya siku ile ya Machi ambayo mchana na usiku huwa sawa. Siku hizi sisi huikuta tarehe hiyo imekwisha kupigwa chapa katika kalenda. Zamani watu wa Misri waliingojea barua. Kila mwaka Askofu wa mji wa Iskanderia aliwaandikia Wakristo wake, akiwaarifu siku ya kuanza kufunga na siku ya kufanya sikukuu, kwa kuwa mji ule ulisifiwa kwa elimu ya nyota na ya hesabu.

Katika maaskofu walioandika barua hizo, mashuhuri kuliko wote ni Athanasius. Alizaliwa Misri karibu na mwaka 298, na maisha yake yote aliyatoa kwa ajili ya Kanisa la Afrika. Wakristo wa zamani walisimulia kwamba, alipokuwa mtoto, Askofu Alexander alimwona pwani akicheza na wenziwe mchezo wa kubatiza, akavutiwa naye, akamtwaa na kumlea. Kama kisa hicho ni cha kweli au si cha kweli, neno moja ni yakini: kijana huyo alisoma sana, akawa shemasi na mwandishi wa Askofu Alexander.

Wakati ule palikuwa na ugomvi mkubwa katika Kanisa. Kasisi mmoja wa Iskanderia, jina lake Arius, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, na kwamba hapo mwanzo hakuwako. Mwaka 325 maaskofu wengi wakakutana Nikea, wakaikataa elimu hiyo. Athanasius alikwenda huko pamoja na askofu wake. Mkutano ule uliamua pia kwamba Wakristo wote wafanye Pasaka katika Jumapili moja.

Huenda mwanafunzi akauliza: Ugomvi wa namna ile wawahusu nini watu wa kawaida, mkulima na mvuvi? Athanasius alijibu swali hilo katika kitabu chake juu ya Mwana wa Mungu kufanyika mwanadamu. Kama aliyekufa msalabani alikuwa kiumbe tu, basi mauti haikushindwa, maana kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenziwe. Lakini kama ni Mungu mwenyewe aliyeingia kaburini na kutoka, nguvu za mauti zimevunjika, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aweza kuishi bila ya kuiogopa. Akatoa mfano wa simba. Ukiwaona watoto wanamchezea simba, wajua kwamba simba huyo amekufa au amepoteza nguvu zake. Vivyo hivyo, ukiwaona wanawake na watoto Wakristo hawatishwi na kifo, ujue ya kuwa mauti imekwisha kushindwa. Kwa Athanasius hiyo ndiyo maana ya Pasaka, na hayo ndiyo aliyoyatetea maisha yake yote.

Hata ilipofika mwaka 328, Askofu Alexander akafa, na Athanasius akawekwa kuwa askofu mahali pake. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini tu. Barua yake ya kwanza ya Pasaka ilikuwa ya mwaka 329. Katika barua hizo alitaja tarehe, lakini hakuishia hapo. Aliwafundisha watu kwamba Pasaka si siku ya chakula kizuri na nguo mpya tu. Kufunga si kwa tumbo peke yake, bali roho nayo ifunge, iache hasira, kijicho na uchoyo, ambavyo ndivyo chakula chake kibaya. Aliwakumbusha wawatazame maskini, wawapokee wageni, na kumpenda jirani. Yule awekaye chuki moyoni hakufanya Pasaka, hata kama ameketi mbele kanisani. Na yule aishiye kwa kumshukuru Mungu, kwake kila siku ni sikukuu. Mwisho wa barua alitaja tarehe tena, na zile juma saba za furaha mpaka Pentekoste.

Ni rahisi kuandika maneno kama hayo mtu akiwa amestarehe katika nyumba yake. Athanasius hakuachwa astarehe. Adui zake walimshitaki kwamba alimwua askofu mmoja, jina lake Arsenius, akamkata mkono ili autumie kwa uchawi, na mkono mkavu ukaonyeshwa kuwa ushahidi. Rafiki za Athanasius wakatafuta sana, wakamkuta Arsenius amefichwa, naye ni mzima. Katika baraza la Tiro, mwaka 335, Athanasius akamleta mbele ya waamuzi akiwa amejifunika joho, akaufunua mkono mmoja, kisha akaufunua wa pili. Watu wote wakaiona mikono yote miwili. Hata hivyo adui zake hawakunyamaza. Walimwambia Kaisari Constantine kwamba askofu huyu ametisha kuzizuia marikebu za nafaka zitokazo Iskanderia, ambazo mji wa Kaisari ulizitegemea kwa mkate. Kaisari akakasirika, akamhamisha hata mji wa Trier, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, mbali sana na nchi yake, mahali penye baridi kali.

Alirudi mwaka 337, Constantine alipokuwa amekwisha kufa. Katika barua ya Pasaka ya mwaka 338 alizungumza juu ya jambo hilo la kutengwa. Aliwafundisha kwamba nchi na bahari zaweza kuwatenga watu kwa miili yao, lakini sikukuu huwakusanya, kwa kuwa Bwana aliyefufuka ni mmoja, na sala za watu wake hukutana mahali pamoja.

Mwaka uliofuata Wakristo wa Iskanderia walilazimika kuliishi fundisho hilo. Katika Kwaresima ya mwaka 339, askofu mwingine, aitwaye Gregory, aliletwa mjini kwa nguvu za askari. Makanisa yakanyang'anywa, na mahali pa kubatizia pakatiwa moto. Siku ya Ijumaa Kuu watu thelathini na wanne, wanaume na wanawake, walipigwa mijeledi hadharani na kutiwa gerezani. Athanasius akatoroka, akaenda Rumi, akakaa ugenini miaka saba. Wengi wakaifanya Pasaka ile pasipo kanisa na pasipo askofu. Hawakuwa na taa nyingi wala nyimbo kubwa, bali walikuwa na imani ile aliyowafundisha. Naye huko Rumi hakuisahau kazi yake. Aliandika kuwahimiza watu wa Misri waushike mfungo wa siku arobaini, wasije wakachekwa kwamba ulimwengu wote wafunga, na Misri peke yake yala.

Aliporudi mwaka 346, umati wa watu ulitoka kumlaki. Lakini furaha yao haikuishia katika kushangilia. Athanasius mwenyewe aliandika habari za siku zile. Wajane na yatima waliokuwa na njaa walilishwa, waliokuwa uchi walivikwa, na watu wakashindana kutenda mema, hata ikawa kila nyumba kama kanisa kwa ajili ya sala zilizofanywa ndani yake. Hapo barua zilionekana zimezaa matunda.

Watu wakaongezeka makanisani mpaka nafasi ikakosekana. Kwaresima moja msongamano ulikuwa mkubwa hata watoto, wanawake wazee na vijana wengine wakabanwa, wakachukuliwa nyumbani wakiwa wamezimia, ila kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Palikuwa na kanisa kubwa jipya lililokuwa likijengwa, lakini lilikuwa halijawekwa wakfu. Watu wakamwomba Athanasius waifanye Pasaka humo. Akawasihi wangoje na kuvumilia. Nao wakasema kwamba wako tayari kwenda nje ya mji, wasali juani, kuliko kuifanya sikukuu kwa huzuni. Mwisho akakubali, na watu wote wakasali pamoja kwa sauti moja. Adui zake wakaligeuza jambo hilo kuwa shitaka jingine mbele ya Kaisari. Yeye akajibu kwamba watu kusali pamoja ni bora kuliko kutawanyika, na kwamba Mungu husikia hata mahali pasipokwisha kujengwa.

Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, mwaka 356, askari zaidi ya elfu tano waliizunguka nyumba ya Mungu alimokuwa akikesha na watu wake. Athanasius hakukimbia. Alikaa katika kiti chake, akamwamuru shemasi asome Zaburi ya 136, ambayo husifu fadhili za Mungu zisizo na mwisho, na watu waitikie, kisha wote waende zao nyumbani. Askari wakaivunja milango, wakaingia na panga na mishale. Watu wakamsihi askofu atoroke, naye akakataa mpaka awaone wengi wao wamekwisha kutoka. Mwishowe makasisi na watawa wakamkamata, wakamtoa kwa nguvu katikati ya msukosuko, naye akatoweka gizani.

Kwa muda wa miaka sita alifichwa na watawa wa jangwani. Walimhamisha kutoka mahali hata mahali, wala hapana hata mmoja aliyemsaliti. Huko akaandika vitabu, na pia habari za maisha ya Mtakatifu Antony, mzee wa watawa, aliyekufa mwaka ule wa 356 na kumwachia Athanasius joho kuukuu na ngozi ya kondoo. Miaka mingine ya mateso hakupata njia ya kupeleka barua ya Pasaka. Hapo watu wake wakajifunza kuikumbuka Pasaka bila ya barua.

Kaisari Julian alipomfukuza tena, mwaka 362, Athanasius aliwaambia waliokuwa wakilia kwamba jambo hili ni wingu dogo, litapita upesi. Akapanda mashua, akaukwea mto Nile, na askari wakamfuata nyuma. Alipopata habari kwamba wamekaribia, akaamuru mashua igeuzwe, iwaelekee. Askari walipoulizia Athanasius yuko wapi, wakajibiwa kwamba hayuko mbali nao, nao wakaongeza mwendo na kupita. Kweli wingu lilipita, maana mwaka uliofuata Julian alikufa vitani.

Mara ya tano ilikuwa mwaka 365. Mwandishi mmoja wa zamani asema kwamba Athanasius alijificha miezi minne kaburini mwa babaye. Mzee aliyewafundisha watu miaka mingi kwamba kaburi halina tena nguvu juu yao, yeye mwenyewe akalifanya nyumba yake. Mwanzoni mwa mwaka 366 akaruhusiwa kurudi kwa watu wake, wala hakuhamishwa tena.

Katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 alivihesabu vitabu vya Maandiko Matakatifu, na katika Agano Jipya akavitaja vitabu 27, vile vile tulivyo navyo sisi leo. Ni yeye pia aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, na kwa njia hiyo Kanisa la huko likapata mizizi.

Athanasius alikufa kitandani mwake tarehe 2 Mei, mwaka 373, muda mfupi baada ya Pasaka. Alikuwa askofu miaka 45, na katika hiyo kama miaka 17 aliishi uhamishoni. Nyingi za barua zake zilipotea. Lakini baadhi yake zilihifadhiwa kwa lugha ya Kisiria katika nyumba ya watawa jangwani Misri, zikachukuliwa hata Uingereza, na mwaka 1848 zikapigwa chapa London. Hivyo maneno aliyowaandikia wakulima na wavuvi wa Nile yanasomwa hata leo.

Basi, mwanafunzi, utakapoitazama kalenda na kuitafuta tarehe ya Pasaka, mkumbuke mzee huyu. Siku ya sikukuu utaimba, utavaa nguo safi, na utakula pamoja na jamaa zako. Hayo ni mema. Lakini Jumatatu itakuja, na shamba litakungoja, na masomo, na jirani uliyegombana naye. Ukimsamehe jirani huyo, ukampa chakula mwenye njaa, na ukisimama kando ya kaburi la mpenzi wako ukalia bila ya kukata tamaa, hapo Pasaka yako haikwisha pamoja na Jumapili ile.