Joginder Singh, fundi aliyeitwa Simba

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, hivyo kijana alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa wa kwanza kuitwaa mara 3. Watu wakamwita Simba.

Lakini mafundi humheshimu kwa jambo jingine: aliingia Safari mara 22 akafika mwisho mara 19, katika tope na vumbi lililoacha wengi njiani. Alijua kulitunza gari.

Hilo linamgusa dereva anayepandisha mizigo kutoka Mlali kwenda Mgeta. Ukilishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, diski huteleza, hupata moto na kulika. Injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, muone fundi mapema. Huenda ni kurekebisha tu; ukichelewa, utanunua diski mpya.

Joginder alifariki London mwaka 2013.