Wilbur Wright, Fundi Baiskeli

Katika mji wa Dayton, nchini Marekani, walikuwako ndugu wawili wenye duka la baiskeli. Mkubwa aliitwa Wilbur Wright. Mdogo wake aliitwa Orville. Hao ndio waliotengeneza ndege ya kwanza yenye injini iliyoruka ikiongozwa na mtu. Hapa tutasoma zaidi habari za Wilbur.

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1867. Baba yake alikuwa askofu. Mama yake, Susan, alikuwa na mkono wa ufundi, na aliwatengenezea watoto vitu vya kuchezea.

Shuleni Wilbur alikuwa hodari, akatazamiwa kwenda chuo kikuu. Lakini akiwa na miaka 18 alipigwa fimbo usoni mchezoni, akang'oka meno ya mbele. Akakaa nyumbani miaka mitatu hivi. Wakati huo mama yake alikuwa anaugua kifua kikuu. Wilbur ndiye aliyemuuguza mpaka alipofariki mwaka 1889. Mama alipopumzika, yeye alisoma vitabu vya baba yake. Chuo kikuu hakwenda kamwe.

Mwaka 1892 ndugu hao walifungua duka lao la baiskeli. Mwaka 1896 walisikia kwamba Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiruka kwa mabawa yasiyo na injini, ameanguka na kufa. Wilbur akaanza kuwaza juu ya kuruka. Tarehe 30 Mei, 1899, aliandika barua kwa Taasisi ya Smithsonian, mjini Washington. Aliomba maandishi yote yaliyohusu kuruka. Akatumiwa, akasoma.

Wengi wakati ule walidhani shida kubwa ni kupata injini yenye nguvu. Wilbur aliona jambo jingine, maana alikuwa mtu wa baiskeli. Baiskeli haisimami yenyewe. Anayeipanda huiweka sawa kila mara. Chombo cha angani nacho kitayumba, basi rubani awe na njia ya kukirudisha. Aliwatazama ndege wenye manyoya (sisi Waswahili tumeviita vyote viwili ndege) akaona wanavyopinda ncha za mabawa. Siku moja dukani alishika boksi refu la karatasi ngumu, akalipinda kwa vidole, upande huu juu, upande ule chini. Hapo akajua la kufanya.

Mwaka 1900 na 1901 walijaribu mabawa yao Kitty Hawk, pwani penye upepo mwingi na mchanga laini. Mwaka 1901 mabawa yalibeba uzito mdogo sana kuliko hesabu za vitabuni zilivyosema. Wilbur alirudi nyumbani amekata tamaa.

Angeweza kuacha, maana duka lilikuwa linawalisha. Badala yake, yeye na Orville walitengeneza sanduku la mbao, urefu wake karibu mita 2, na pangaboi la kusukuma upepo ndani. Walitengeneza mizani kwa vipande vya msumeno wa chuma na waya wa spoki. Walipima mabawa madogo kama 200 ya maumbo mbalimbali, wakaandika kila kipimo. Wakatambua kwamba namba moja iliyotumiwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 100 ilikuwa kubwa mno.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo fundi baiskeli alipokuwa mhandisi. Siku hizi anayetaka kazi hiyo husoma hisabati na fizikia chuoni kwa miaka kadhaa. Wengine hubuni mabawa, wengine injini, wengine vyombo vya kwenda anga za juu. Lakini mpaka leo mabawa mapya hupimwa katika upepo wa kutengenezwa.

Mwaka 1903 fundi wao, Charlie Taylor, aliwaundia injini kwa wiki sita. Minyororo kama ya baiskeli ilizungusha mapanga mawili. Tarehe 17 Desemba Orville aliruka sekunde 12. Siku hiyohiyo Wilbur aliruka sekunde 59, karibu mita 260. Gharama yote haikufika dola 1,000. Siku tisa kabla, ndege ya mtaalamu mmoja mkubwa, aliyepewa na jeshi dola 50,000, ilitumbukia mtoni.

Mwaka 1908 Wilbur aliruka Ufaransa mbele ya watu, na waliomwita mwongo wakanyamaza. Mwaka uliofuata kampuni yao ilianzishwa. Vijana wakaanza kupata kazi ambayo zamani haikuwako: kuunda ndege na kuzirusha.

Wilbur mwenyewe hakufaidi sana. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika kesi, akidai haki ya ubunifu wao. Mikono iliyopima mabawa 200 ikawa inashika karatasi za mawakili. Ni hasara kubwa. Mwaka 1912 aliugua homa ya matumbo, akafa tarehe 30 Mei, akiwa na miaka 45. Baba yake, mzee wa miaka 83, alimzika.

Mwaka 1969 Wamarekani walipotua mwezini, walichukua kipande cha kitambaa cha bawa la ndege ile ya 1903.