Paul Anderson, bingwa aliyejenga miguu yake ndani ya shimo

Mwezi wa Novemba 1956, kule Melbourne, Australia, Paul Anderson alibaki na jaribio moja tu. Mmarekani huyo alikuwa bingwa wa dunia wa kunyanyua vyuma, lakini usiku ule alikuwa na homa ya karibu digrii 40 kwa sababu ya ugonjwa wa sikio. Chuma cha kilo 187.5 kilikuwa kimemshinda mara mbili. Kikimshinda mara ya tatu, angerudi nyumbani bila matokeo yoyote, na dhahabu ya Olimpiki ingeenda kwa Humberto Selvetti wa Argentina, ambaye alikuwa amekwisha kupata jumla ya kilo 500.

Anderson alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1932 huko Toccoa, mji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alipokuwa mtoto aliugua figo, na ugonjwa huo haukumwacha kabisa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Furman, alienda kucheza futiboli ya Kimarekani, na vyuma vilikuwa njia tu ya kupata nguvu zaidi uwanjani. Hakukaa muda mrefu chuoni. Aliwafuata wazazi wake katika jimbo la Tennessee, na huko akakutana na mtu aliyemfungua macho.

Mtu huyo ni Bob Peoples, mkulima aliyejitengenezea mwenyewe vifaa vya mazoezi. Mwaka wa 1949, akiwa na uzito wa mwili wa kilo 82 hivi, Peoples aliinua kutoka chini chuma cha kilo 329. Kwake Anderson aliona kwamba mwenye kunyanyua anapaswa kuanza na miguu na mgongo, na kwamba ukosefu wa sali nzuri ya mazoezi hauzuii kitu.

Basi alirudi kwenye uwanja wa nyumbani, akakusanya magurudumu ya chuma na mapipa yaliyojaa saruji, mtindo ambao vijana wengi wa mitaa yetu wanaujua. Kisha alichimba shimo.

Zoezi lake kubwa lilikuwa kuweka chuma mabegani, kuchuchumaa, kisha kusimama tena. Uzito ukiwa mkubwa mno, mtu hawezi kushuka mpaka chini na kurudi. Kwa hiyo Anderson alisimama ndani ya shimo, chuma kikiwa kimewekwa juu ya shimo hilo, karibu usawa wa mabega yake. Alikunja magoti kidogo tu, akakiinua sentimita chache. Baada ya siku kadhaa alirudisha udongo kidogo shimoni. Uzito ulibaki uleule, lakini sasa alilazimika kushuka zaidi ili kuingia chini ya chuma. Aliendelea hivyo, udongo kidogo kila mara, mpaka shimo likajaa na zoezi likawa kamili.

Hakukimbizana na saa pia. Alinyanyua, akapumzika kwa muda mrefu, akanywa maziwa, kisha akarudi, na siku nzima ikapita hivyo. Watu wengi wanakumbuka maziwa hayo, kwa sababu aliyanywa kwa wingi wa kushangaza. Lakini maziwa peke yake yangemnenepesha tu. Kilichomtofautisha na wengine ni ule udongo, na uvumilivu wa kutoongeza kitu kabla mwili haujakubali.

Ni kweli pia kwamba ufundi wake haukusifiwa kama nguvu zake. Mwili wake mnene ulimsumbua pale ambapo wepesi ulitakiwa.

Tarehe 15 Juni 1955, timu ya Marekani ilialikwa Moscow, wakati inchi hizo mbili zilikuwa zikiangaliana kwa jicho baya. Chini ya mvua, Alexey Medvedev wa Umoja wa Kisovyeti alisukuma kilo 150 juu ya kichwa. Anderson alipopanda, alisukuma kilo 182.5. Warusi waliokuwa wamekuja kumshangilia mtu wao walimshangilia mgeni. Mwezi wa Oktoba alichukua ubingwa wa dunia mjini Munich kwa jumla ya kilo 512.5.

Melbourne, lakini, mambo yaligeuka. Katika zoezi la kwanza Selvetti alimpita kwa kilo 7.5. La pili walilingana kwa kilo 145. Katika la tatu Selvetti alifikisha 180, kwa hiyo Anderson alihitaji 187.5 ili kumfikia. Jaribio la mwisho chuma kilipanda mpaka mabegani, kisha juu ya kichwa, na kikakaa. Wote wawili walikuwa na kilo 500. Kanuni ilimpa ushindi mwenye mwili mwepesi: Anderson, aliyekuwa amepungua sana, alikuwa na kilo 137.9, Selvetti 143.5.

Baadaye alianza kulipwa kwa maonyesho ya nguvu, na kwa kanuni za wakati ule mlango wa Olimpiki ulifungwa. Mwaka wa 1960 kule Roma, dhahabu ilichukuliwa na Yuri Vlasov, Msovyeti, na Anderson hakuwepo kushindana naye. Baadhi ya uzito unaosemekana aliubeba katika maonyesho hayo unabishaniwa hadi leo.

Mwaka wa 1961, pamoja na mke wake Glenda, alifungua huko Vidalia, Georgia, nyumba ya kupokea vijana waliokuwa na matatizo na sheria, na pesa za maonyesho ziliitegemeza. Figo zilimrudia. Mwaka wa 1983 dada yake alimpa moja ya zake. Alifariki tarehe 15 Agosti 1994 akiwa na miaka 61, na nyumba ya Vidalia iliendelea kupokea vijana.