Atiman wa Karema: aliyekombolewa akawa mtumishi wa wote



Ukiingia parokia yoyote ya Usukuma leo, iwe Mkula, iwe Bariadi mjini au kigango cha mbali kisichopata padre kila Jumapili, utawatambua kwa sare zao. Utawaona WAWATA na vitenge vyao, UWAKA, VIWAWA, Lejio ya Maria, wanakwaya, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakiwa mbele kabisa. Misa ikiisha, kila kikundi kina kikao chake chini ya mti wake. Hakuna anayelipwa, na wengi wanajitoa kweli kweli.

Lakini wewe na mimi tunayajua pia yanayotuvunja. Yupo aliyeacha kusali jumuiya kwa sababu hakuchaguliwa kuwa mwenyekiti. Vipo vyama vinavyochangia sare mpya haraka kuliko vinavyochangia nauli ya mgonjwa. Yupo anayetumikia kwa moyo wote mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu hata mlango wa kanisa hauoni. Kwa sababu hiyo leo nakuomba tuyatazame maisha ya mlei mmoja aliyeitumikia sehemu moja kwa miaka 67. Jina lake ni Adrian Atiman.

Alizaliwa katika miaka ya 1860 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo tunaiita Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akatenganishwa na wazazi wake na kuvushwa jangwa la Sahara kama mzigo wa biashara. Huko Algeria alikutana na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Walilipa bei yake ili awe huru. Hebu fikiri, msomaji wangu: mtoto anayejua kabisa kwamba kuna siku mtu alitoa fedha kwa ajili yake, na hakumfanya mtumwa wake.

Walimpeleka shule. Baadaye alitumwa kisiwani Malta pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa kama yeye, na huko akasomea udaktari. Mpango wa Lavigerie ulikuwa wa namna yake. Hakutaka vijana wale wote wawe mapadre. Alitaka wawe walei, waoe, wakae katikati ya watu, watibu miili na kufundisha dini. Waliitwa madaktari makatekista.

Atiman aliondoka Malta mwaka 1888, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao sasa ni Katavi. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia wamisionari. Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita pande zile. Waliokimbia na waliokombolewa walikusanyika kuizunguka misheni, wengine wakiwa wagonjwa, wengine hawana ndugu. Kijana huyu hakuhitaji kuelezwa maumivu yao.

Alioa hapo hapo. Mke wake, Agnes Wansahira, alitoka katika ukoo wa kichifu wa Wabende. Mtoto wao Joseph alipewa daraja ya upadre mwaka 1923. Baba mwenyewe alibaki mlei hadi mwisho. Alitibu, akapasua, akafundisha katekisimu. Pamoja na dawa za Kizungu alizosomea ng'ambo, alijifunza pia dawa za miti zilizojulikana kwa wenyeji. Alifika Wajerumani wakiwa ndio wanaanza kuitawala nchi, akawaona wakiondoka, akawaona Waingereza wakishika nafasi yao. Alifariki dunia Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika.

Msomaji mpendwa, nini kilimfanya mtu huyu abaki? Alikuwa na elimu ambayo wakati ule Waafrika wachache mno walikuwa nayo. Nchi ilikuwa pana, na tabibu angepokelewa popote. Kwao pia kulikuwako. Mimi naona jibu liko pale Algeria, siku alipolipiwa. Katika Mathayo 10:8 Bwana anawakumbusha mitume kwamba walichopokea hawakukinunua, basi nao wakitoe vivyo hivyo. Maneno hayo Atiman aliyajua kwa mwili wake. Alikuwa amepokea uhuru asioulipia, na maisha yake yote yakawa shukrani.

Hapa ndipo tunapoguswa sisi wa vyama na jumuiya. Anayetumikia ili aheshimiwe atachoka siku asipoheshimiwa. Anayetumikia ili achaguliwe ataondoka siku ya uchaguzi. Lakini anayejua kwamba alikombolewa, kwamba Kristo alilipa gharama yake msalabani, huyo hana sababu ya kuondoka, kwa maana malipo yake aliyapokea kabla hajaanza kazi.

Lipo na la pili. Wabende hawakuwa kabila lake, na Karema haikuwa kwao. Alipofika hakuwa na shangazi wala binamu wa kumkaribisha. Aliugeuza ugenini kuwa nyumbani kwa kuwahudumia watu ambao hawakumhusu kwa damu. Sisi je? Mara nyingi jumuiya zetu zinachangamka msiba ukiwa wa mtu tunayemjua, na mkono unakuwa mzito akiwa mpangaji aliyehamia mwezi uliopita. Yule Msamaria wa Luka sura ya 10 hakumuuliza majeruhi anasali wapi wala ametoka ukoo gani.

Wasukuma mnalijua jambo hili tangu kwa mababu. Basumba walikwenda kulima shamba la mtu mwenye haja, wakiongozwa na nsumba ntale, kwa nyimbo na kwa umoja, na jioni kazi ilikuwa imekwisha. Mtu mmoja peke yake angelima wiki nzima. Jumuiya na chama cha kitume ni basumba wa Kanisa. Kikao ni chema, lakini basumba hawakukumbukwa kwa vikao vyao. Walikumbukwa kwa shamba lililolimwa.

Basi shamba letu liko wapi? Pale Mkula ipo hospitali, ya ndugu zetu wa AIC. Hospitali ya namna hiyo hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Mgonjwa aliyetoka mbali anahitaji uji asubuhi, maji ya kuoga, mtu wa kumfulia shuka, na mtu wa kukaa naye dakika kumi bila kuangalia saa. Hilo halihitaji shahada ya Malta. Chama cha akina mama watano kinaweza kugawana siku za wiki. VIWAWA wanaweza kuchota maji. Wanaume wa UWAKA wanaweza kuhakikisha kwamba maiti ya mgeni haikosi wa kuisindikiza. Tena tukienda hospitali ya madhehebu mengine kwa kazi hiyo, tutakuwa tumehubiri umoja wa Wakristo bila kupanda mimbari.

Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anatufundisha kwamba viungo ni vingi na mwili ni mmoja, na kwamba vile vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Kwa hiyo mama anayefagia kanisa Jumamosi bila kutajwa kwenye matangazo, na katekista anayeendesha baiskeli kwenda kigangoni ili watu wasikose ibada ya Neno, hao ndio ndugu wa karibu wa Atiman.

Wiki hii jumuiya yako itakapokutana, kabla ya kujadili sare na michango, ulizeni swali moja: katika eneo letu ni nani anaumwa na hana mtu? Andikeni majina. Kila jina lipewe mtu wa kwenda na siku ya kwenda. Wiki inayofuata, mkutano uanze kwa kusikia waliokwenda wamekuta nini.

Na wewe uliyeacha kwa sababu uliudhiwa, rudi. Waliokuudhi si wao waliokukomboa.

Nakutakia Jumapili njema yenye baraka.