Mnyampala: Mgogo wa Ihumwa aliyehesabu silabi

Juzi nimekaa kafe moja hapa Dodoma, dogo wa pembeni anasoma habari ya ajira, kakwama kwenye neno unemployment. Nikamwambia likate: un, employ, ment. Kutokuwa, kuajiri, halafu kimkia kinacholifanya jina. Akacheka, kumbe neno linamsema yeye mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka mzee Mathias Mnyampala. Alizaliwa 1917 Ihumwa, pale unapopita ukitokea Moro kabla hujaingia mjini. Mgogo, na lugha ya nyumbani ni Kigogo. Alisoma kwa wamisheni wa Kikatoliki, akawa mwalimu, karani, liwali, baadaye hakimu. 1954 akatoa kitabu cha historia na mila za Wagogo, kwa Kiswahili. Kilitoka kwa Kiingereza 1995, mwenyewe kashafariki zamani.

Lakini jina lake limekaa kwenye ushairi, na ushairi wetu wa jadi siyo mchezo. Mstari mizani 16, nane huku nane kule, ubeti mistari minne, jumla 64. Ikizidi moja tu malenga wanakudaka! Mtoto ni silabi tatu, maana ile m inasimama peke yake. Hatutawasomesha ni saba: ha-tu-ta-wa-so-me-sha. Ila ukitafuta maana, kisu kinapita pengine, mzizi ni som, siyo so. Kiingereza nacho hivyohivyo: unemployment ina vipande vitatu vya maana, lakini ukiitamka ni silabi nne, un-em-ploy-ment. Mimi shuleni hakuna aliyenionyesha hilo, tulikaririshwa orodha na viboko juu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere aliwaomba washairi waifikishe siasa ya Ujamaa kwa wananchi. Mnyampala, kiongozi wa chama cha UKUTA, akaja na ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana jukwaani. Ndiyo zile za shuleni mbele ya mgeni rasmi. Binafsi naona nyingine zilizidi siasa, lakini ukizighani unakata maneno bila hata kujijua.

Alifariki 1969. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971, yeye hakuvishika mkononi.

Dogo naye akashuka chini kwenye tangazo la kazi, akakutana na responsibility. Akahesabu kwa vidole mezani, sita. Akaanza kuandika barua.