Émile Baudot, jina lililobaki ndani ya modemu

Wale waliojua intaneti ya simu ya waya wanakumbuka ile miluzi ya modemu. Ni mashine mbili zilikuwa zinapatana kwanza mwendo, ndipo zitume. Mwendo ule tulizoea kuuhesabu kwa baud. Hilo ni jina la mtu.

Émile Baudot alizaliwa Magneux, Ufaransa, mwaka 1845, mtoto wa mkulima. Alisoma shule ya msingi tu, akalima na baba yake, kisha akaingia kazi ya telegrafu. Mwaka 1874 alipata hati ya uvumbuzi wake: kila herufi iwe na alama kadhaa, na watumishi kadhaa watumie waya mmoja kwa zamu. Lakini mashine za pande mbili zilipaswa kuzunguka sawasawa, na mtumishi alingoja mlio ndipo abonyeze. Akikosa zamu, herufi inaharibika.

Wakubwa wake walimsaidia kidogo sana. Mwaka 1880 aliuza medali ya dhahabu aliyopewa kwenye Maonyesho ya Paris ya 1878, juu apate franga za kuendelea. Sisi hiyo inatuuma.

Kosa la njiani hakulimaliza: alama moja ikigeuka, inafika herufi nyingine, na mpokeaji hana namna ya kujua. Modemu za kisasa zaidi zilifunga kila fungu kwa hesabu. Isipopatana, fungu linatumwa tena.

Baudot, mgonjwa kwa miaka mingi, alikufa Sceaux tarehe 28 Machi 1903. Kipimo kilipewa jina lake miaka ya 1920.