Sheikh Amri Abeid: Sheikh katika Serikali isiyo na dini

Jina la Sheikh Amri Abeid hutajwa mjini Arusha kila siku ya mpira, kwani ndilo jina la uwanja wa michezo ulio katikati ya mji. Hata hivyo, wengi wanaolitaja, na hasa vijana, hawamjui mwenye jina. Si ajabu, kwa kuwa marehemu alifariki mwaka 1964, naye hakuwa mchezaji wa mpira. Alikuwa mshairi, mwanazuoni wa dini na Waziri wa Sheria. Maisha yake yafaa kusimuliwa upya wakati huu ambapo swali la dini katika mambo ya umma linaulizwa kwa sauti kubwa, Bara na Visiwani. Wako wanaotaka dini ipewe nafasi zaidi katika utawala. Wako pia, ingawa ni wachache, wasiokuwa na dini yoyote, wanaouliza nafasi yao iko wapi katika nchi ambayo kila mkutano hufunguliwa kwa dua.

Kaluta Amri Abeid alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ncha ya ile njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani. Huko Kiswahili na Uislamu viliota mizizi pamoja, mbali na bahari. Alisoma kwao, kisha akaenda katika shule ya serikali ya Tabora. Angali kijana alijiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mubalighi wake, Sheikh Mubarak Ahmad, alifika Afrika Mashariki mwaka 1934.

Hapana budi tueleze, kwa ajili ya msomaji asiyejua, maana ya hatua hiyo. Jumuiya ya Ahmadiyya ilianzishwa nchini India mwaka 1889 na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian. Wafuasi wake hujihesabu kuwa Waislamu kamili, lakini wanazuoni walio wengi ulimwenguni hawawakubali, kwa sababu ya itikadi yao juu ya daraja ya mwanzilishi wao. Basi kijana wa Ujiji aliyeingia humo alijua kwamba anaingia katika kundi dogo, na kwamba misikiti mingi itamwona mpotevu.

Kijana huyo hakurudi nyuma. Alikuwa msaidizi wa Sheikh Mubarak Ahmad katika kazi ya kuitia Kurani katika lugha ya Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1953. Kabla yake ilikuwako tafsiri ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana, ya mwaka 1923. Hii ya 1953 ndiyo iliyozusha mabishano makubwa baina ya Waislamu wenyewe. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mtu wa Unguja, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh Farsy aliipinga kwa kalamu, kisha akafanya kazi kubwa zaidi ya kuandika tafsiri yake mwenyewe, iliyotoka kamili mwaka 1969 na ambayo mpaka leo imo katika nyumba nyingi za Waswahili. Wanazuoni wakajibizana kwa vitabu, na msomaji akaachiwa apime. Kiswahili kikatajirika pande zote mbili, wala hakuna mwenye tafsiri aliyepelekwa gerezani.

Mwaka 1954 Sheikh Amri alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake. Humo alizipanga kwa utaratibu kanuni za vina na mizani ambazo malenga walikuwa wakizifuata kwa kurithishana mdomoni. Hakuna mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anayeweza kukipita kitabu hicho. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 alikwenda Rabwah, nchini Pakistan, makao makuu ya jumuiya yake, akazidisha elimu ya dini. Aliporudi, alikuta nchi imo katika vuguvugu la uhuru.

TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954. Imani yake ilikuwa kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Kanuni hiyo haikumtaka mwanachama aseme anasali wapi, wala kama anasali. Mkatoliki, Mlutheri, Msunni, Mshia na mwenye kutambikia mizimu ya babu zake, wote walipewa kadi ile ile. Kwa mlango huo aliingia Sheikh Amri. Mwaka 1960 akawa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, katika mji ambao Waislamu wake wengi hawakuwa wa madhehebu yake. Baadaye alikuwa Mbunge wa Kigoma, na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Sheria.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yetu. Sheikh, tena mubalighi aliyesomea kazi ya kutangaza dini, alikabidhiwa sheria za nchi yenye watu wa kila imani. Mtu angeweza kudhani kwamba angeipendelea dini yake. Mambo hayakwenda hivyo. Wakati wa ukoloni haki iligawanywa kwa rangi na kabila: Mwafrika alikuwa na mahakama zake za kienyeji chini ya watemi na maliwali, na pwani walikuwako makadhi, ilhali Mzungu alifika mbele ya hakimu wa namna nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyotungwa wakati wa uwaziri wake, iliuvunja mgawanyo huo. Tanganyika ikapata ngazi moja kwa wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Sheria ya Kiislamu ya ndoa na mirathi haikufutwa. Iliendelea kutumika kwa Waislamu, ila mwenye kuhukumu sasa alikuwa hakimu wa Jamhuri.

Waziri huyo alihimiza pia Kiswahili kitumike katika sheria, ili mshitakiwa aelewe kinachosemwa juu yake. Kazi ya kukusanya istilahi ilianza zama zake, na matunda yake yakaonekana katika kamusi ya sheria iliyotolewa mwaka 1968. Yeye hakuiona. Mwaka 1964 alihamishiwa katika Wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akafariki dunia akiwa Ujerumani ya Magharibi. Umri wake ulikuwa miaka arobaini tu.

Ndugu msomaji, hatudai kwamba kila mtu aliridhika na sheria ile. Wako Waislamu wa Bara ambao hadi leo huona kwamba walinyang'anywa mahakama yao, na malalamiko yao yastahili kusikilizwa kwa adabu. Jambo hilo liliingia katika ilani ya uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005, na mwaka 2015 muswada uliolihusu uliondolewa Bungeni kabla ya kupitishwa. Zanzibar ina njia yake, kwa kuwa mahakama za kadhi si jambo la Muungano: iko sheria ya kadhi ya mwaka 1985, na nyingine iliyoifuata ya mwaka 2017. Lakini hata Visiwani kadhi ana mipaka. Huhukumu ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto baina ya Waislamu, wala hana madaraka juu ya asiyekuwa Mwislamu. Tofauti hiyo ya Bara na Visiwani imeishi ndani ya taifa moja kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana katika neno moja, nalo ni kwamba haki ya uraia haipimwi kwa imani.

Neno hilo lina uzito gani? Tuitazame Pakistan, ambako Sheikh Amri alikwenda kusoma. Nchi hiyo ilipozaliwa mwaka 1947, Waziri wake wa kwanza wa Mambo ya Nje alikuwa Zafrulla Khan, naye alikuwa Muahmadiyya. Lakini mwaka 1974 katiba ilibadilishwa ili kutamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Mwaka 1984 ikaja amri iliyofanya kuwa kosa la jinai kwa mmoja wao kujiita Mwislamu au kupaita pahali pake pa ibada msikiti, na adhabu yake ni kifungo hadi miaka mitatu. Tumweke Sheikh Amri mbele ya sheria hiyo. Mtu aliyesaidia kuifasiri Kurani na aliyekuwa Waziri wa Sheria huku kwetu, huko angekuwa mhalifu kwa kutoa adhana. Dola ikishapewa madaraka ya kusema nani ni mwumini wa kweli, haikomi kwa wapagani. Itaingia mpaka msikitini na kanisani, itawachambua hata waliokuwa wakiishangilia. Wahenga walionya kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Na je, yule asiyeamini kabisa? Wengi wetu tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulikua tukidhani kwamba mtu wa namna hiyo hapatikani katika Afrika. Yuko. Hoja yake aghalabu ni hii: kwamba wema hauhitaji hofu ya moto, kwamba sheria itungwe kwa kutazama mahitaji ya binadamu hapa duniani, mambo ambayo watu wote waweza kuyapima kwa akili, na kwamba ofisi ya umma isiwe mimbari. Mwenye dini si lazima akubaliane naye juu ya Mungu ndipo auone ukweli wa neno la mwisho. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenye kuhudhuria misa, alieleza katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa, mwaka 1968, kwamba ujamaa hushughulika na maisha ya watu katika jamii, na kwamba mtu hahitaji kwanza kuamua kama yuko Mungu mmoja, wako wengi, au hayuko, ndipo awe mjamaa. Katiba yetu nayo huitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na huyaweka mambo ya jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2016 chama cha watu wasioamini Mungu kiliandikishwa kisheria. Haukupita muda mrefu, uandikishaji ukasimamishwa kutokana na malalamiko ya watu wa dini, na wenye chama wakaenda mahakamani. Mwumini aweza kuona kwamba hilo halimhusu. Lakini kalamu inayoweza kukifuta chama cha wasioamini kwa sababu wengi hawakipendi, ndiyo iwezayo kuifuta jumuiya ndogo ya waumini kwa sababu hiyo hiyo. Asiyeamini na Muahmadiyya hawana itikadi moja hata kidogo, ila ulinzi wao ni mmoja.

Huku Meru hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mafunzo. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Akheri na mashujaa wa Kimeru na Kiarusha. Walikuja na neno la dini, lakini nyuma yao wenyeji waliiona bunduki ya Wajerumani iliyokuwa Moshi. Na kweli bunduki ilifuata: mashamba yakachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakafa. Dini ile ile iliporudi na kufungua kituo Nkoaranga mwaka 1902, ikafundisha kusoma na kutibu wagonjwa, Wameru waliipokea hata ikawa yao. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgogoro wa kuigawa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri uliwagawa ndugu wa ukoo mmoja na wa kanisa moja, nyumba zikachomwa, na watu wakapoteza maisha. Wote walikuwa Walutheri. Anayedhani kwamba nchi ya dini moja ingekuwa na amani na aulize habari za miaka ile.

Kwa hiyo neno letu linawaelekea hasa watumishi wa Serikali. Afisa na aende msikitini, na aende kanisani. Hiyo ni haki yake wala hapana wa kumcheka. Lakini akisha kaa juu ya kiti cha umma, asimpe kazi mtu wa jamaa yake ya sala akamwacha mwenye sifa. Asimcheleweshe mwombaji wa kiwanja kwa ajili ya jina lake. Asimdharau yule asiyeinua mikono wakati wa dua, wala asimtake aeleze sababu. Shule, zahanati na mahakama ni mali ya wote waliozitolea kodi.

Sheikh Amri Abeid hakuficha dini yake hata siku moja. Alivaa kilemba, akahubiri, akajibizana na wanazuoni wakubwa kuliko yeye kwa umri. Alipoingia wizarani alifanya kazi ya watu wote, na nchi ikampima kwa kazi hiyo. Mtumishi wa leo hana kipimo kingine, awe na dini au asiwe nayo.